Maneno ya Kiingereza yanayotuchanganya Lubumbashi: mwongozo wa kuyatambua kabla hayajakugharimu

Mtu wa Lubumbashi anayejifunza Kiingereza haangushwi sana na maneno magumu. Neno gumu analiona, analisimamia, analitafuta kwenye simu. Yanayomwangusha ni yale anayodhani anayajua: neno linalofanana na la Kifaransa cha shuleni, jambo ambalo Kiswahili kinalisema kwa neno moja na Kiingereza kwa mawili, au neno la kila siku ambalo vijana wamelipa maana nyingine kabisa.

Mwongozo huu ni wa wakala wa forodha pale mpakani Kasumbalesa anayepokea ujumbe kutoka Zambia, kijana anayepeleka barua ya kazi kwenye kampuni ya madini, mama anayekwenda Ndola au Kitwe kununua bidhaa, na yeyote anayesoma Kiingereza cha WhatsApp akabaki anajiuliza kama ametukanwa au amesifiwa. Nimeupanga kwa kufuata hasara. Maneno yanayoweza kumuumiza mtu yanatangulia, yanafuata ya kazi na pesa, na ya vijana yako karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Jua unaongea na Kiingereza cha nani

Hapa kwetu Kiingereza hakiji kwa njia moja. Kutoka Zambia kinakuja kile kilichorithiwa kwa Waingereza. Kwenye migodi kuna Waafrika Kusini na Waaustralia, pamoja na Wachina na Wahindi waliojifunza kama wewe. Filamu na simu zinaleta cha Marekani. Kabla ya kuuliza “neno hili maana yake nini”, uliza “nani amelisema”.

Chukua “just now”. Mwafrika Kusini akikuambia “I'll send the truck just now”, usiende kusimama barabarani. Kwake maana yake ni baadaye, pengine baada ya saa moja, pengine zaidi. Akisema “now now”, hapo ni karibu zaidi. Mwingereza akisema “He left just now”, anataka kusema mtu ameondoka punde hii. Dawa ni moja: uliza “What time?” na usubiri saa kwa namba.

“Robot”, kwa Mwafrika Kusini na Mzambia, ni taa za barabarani. Dereva akikuelekeza “turn left at the robot”, tafuta taa. “Smart” kwa Mzambia na Mwingereza mara nyingi ni mtu aliyevaa vizuri, safi. Kwa Mmarekani ni mwenye akili. “I'm coming”, akilisema Mzambia huku anatoka mlangoni, ni lile “nakuja” letu, yaani nitarudi sasa hivi. Wewe utamwelewa bila shida, lakini ukimwambia Mmarekani hivyo huku unaondoka hatajua akuamini kwa masikio au kwa macho. Kwake sema “I'll be right back”.

Na “sorry”. Sisi na Wazambia tunalitumia kama pole: mtu amejikwaa, unamwambia “sorry” ingawa hukumsukuma. Mzungu anaweza kudhani unakiri kosa. Magari yakigongana na mwenzako ni mgeni, uliza kwanza “Are you hurt?” Huo nao ni utu, na hauchanganyi mambo ya bima.

Hatua ya 2: Anza na maneno yanayoweza kuumiza mtu

La kwanza kabisa ni “petrol”. Lubumbashi tunasema esansi kwa gari dogo, mazuti kwa lori, na petroli ni ile ya taa na jiko. Ukivuka mpaka, mambo yanageuka: “petrol” ya Zambia ni esansi yetu. Petroli yetu ya taa wao wanaiita “paraffin” au “kerosene”. Mtu akivuka na kidumu, akaomba “petrol” kwa ajili ya taa, atapewa esansi bila mtu yeyote kumdanganya. Mvuke wa esansi unashika moto hata kwenye baridi kali, chini kabisa ya nyuzi sifuri. Mafuta ya taa yanahitaji kufikia takribani nyuzi 38 au zaidi ndipo mvuke wake uwake. Ndiyo maana taa iliyojazwa esansi inalipuka mkononi mwa aliyeiwasha. Wafundishe watoto wanaotumwa dukani ng'ambo: kwa taa, “paraffin”, kwa gari, “petrol”, kwa lori, “diesel”. Ukisoma Kiingereza cha Marekani jihadhari tena, maana kule esansi ni “gas” au “gasoline”, na “paraffin” ni nta ya mishumaa.

La pili ni “blessed”. Kwa Kifaransa “blessé” ni aliyejeruhiwa. Kwa Kiingereza “blessed” ni aliyebarikiwa. Ripoti inayosema “two workers are blessed” itamfurahisha msomaji wakati watu wawili wanahitaji gari la wagonjwa. Neno unalolitaka ni “injured”.

Lakini “injured” nalo lina mtego wake. Kifaransa kinasema “injurier” kwa kutukana. Mlinzi akiandika “the driver injured me” akitaka kusema dereva amemtukana, ameandika kwamba dereva amemjeruhi, na dereva anaweza kupoteza kazi kwa neno hilo moja. Aliyetukana ni “he insulted me”.

Jozi ya tatu kwa umuhimu, kwa mtu wa mgodini, ni “safety” na “security”. Kifaransa cha kila siku kinazifunika zote mbili kwa “sécurité”. Kiingereza kinazitenganisha kabisa: “safety” ni kujikinga na ajali, yaani kofia ngumu, viatu, mkanda wa gari, kuta za shimo zisizoporomoka, “security” ni ulinzi dhidi ya wezi na wavamizi. Tangazo la kazi la “Safety Officer” linatafuta mtu anayejua kuzuia ajali. Kijana aliyelinda geti akipeleka barua yake huko, itarudishwa, na hatajua kwa nini.

Ongeza “engine”. Sisi “engin” ni mashine kubwa yenyewe, tingatinga au kijiko cha kuchimbia. Kwa Kiingereza “engine” ni injini tu. Ukiripoti “the engine fell into the pit”, watafikiri injini imechomoka. Sema “the machine”, au taja jina lake: “the excavator”, “the bulldozer”.

Hatua ya 3: Ondoa mapacha wa uongo kwenye barua na ujumbe wa kazi

Kaa na barua zako za zamani za Kiingereza, uzipitie, na upige mstari chini ya kila neno lililotoka kinywani kwa urahisi kwa sababu Kifaransa kinalo. Hayo ndiyo ya kuchunguza.

“Delay” ndilo linalosumbua zaidi mpakani. “Délai” ya Kifaransa ni muda uliopangwa. “Delay” ya Kiingereza ni kuchelewa. Ukimwandikia mteja “the delay is Friday”, anasoma kwamba Ijumaa mzigo utachelewa, na anaanza kumtafuta wakala mwingine. Siku ya mwisho iliyopangwa ni “deadline”.

“Eventually” ni baya zaidi kwa sababu linaharibu ahadi. “Éventuellement” ni labda, ikiwezekana. “Eventually” ni mwishowe, hata ikichukua muda, jambo litafanyika. Ukiandika “we will eventually give you a discount” ukitaka kusema labda tutakupunguzia, umeahidi kwamba utapunguza. Mteja akidai, ana haki. Andika “we may give you a discount”.

“I demand” ni kudai, karibu na kuamrisha. Barua ya kazi inayoanza “I demand a job in your company” inasomeka kama mtu amegonga meza. “Demander” ya Kifaransa ni “to ask”, na kwenye barua ni “I would like to apply for”.

“I assisted the meeting” maana yake ulisaidia mkutano. Kama ulihudhuria tu, ni “I attended”. “Actually” si sasa. Ni kweli hasa, au kwa hakika. Kwa sasa ni “currently”. “I made a stage” haina maana kwa msomaji wa Kiingereza, kwake “stage” ni jukwaa. Mafunzo ya kazini ni “internship”. “Formation” ni “training”. “Experience” ni uzoefu, na jaribio la maabara ni “experiment”. “Location” ni mahali, kukodisha ni “rental”. “Library” ni maktaba, duka la vitabu ni “bookshop”. “Deception” ni udanganyifu. Kuvunjika moyo ni “disappointment”. “To pretend” ni kujifanya, si kudai kuwa jambo ni kweli. Na “grave”, ukilikuta peke yake, mara nyingi ni kaburi. Tatizo kubwa ni “a serious problem”.

Kwa wauzaji wa juisi na jamu kuna moja la kukumbuka. “Préservatif” ya Kifaransa ni kondomu, lakini “preservative” ya Kiingereza ni dawa inayozuia chakula kuharibika. Kwa hiyo “no preservatives” kwenye chupa ni sifa ya juisi, wala hakuna aibu kuiandika.

Hatua ya 4: Chunguza pale Kiswahili kinapotosheka na neno moja

Hapa kosa halitoki kwa Kifaransa. Tunasema kuazima kwa anayetoa na anayepokea. Kiingereza kinatenganisha: anayetoa ana “lend”, anayepokea ana “borrow”. “Borrow me your phone” itaeleweka Zambia, lakini kwenye maandishi andika “lend me your phone” au “may I borrow your phone”.

Mkono wetu unaanza begani hadi vidoleni. Kiingereza kina “arm” hadi kifundo, kisha “hand”. Mguu ni “leg”, na sehemu inayokanyaga ni “foot”. Kidole cha mkono ni “finger”, cha mguu ni “toe”. Ukimsaidia jirani anayekwenda kutibiwa Zambia, mbali na kutafsiri mwonyeshe daktari kwa kidole mahali penyewe. Vivyo hivyo na kusikia: sauti ni “hear”, harufu ni “smell”, baridi au maumivu ni “feel”.

“He” na “she” hazihitaji maelezo, zinahitaji mazoezi tu. Yeye yetu haibagui, ndiyo maana ulimi unateleza.

Hatua ya 5: Fundisha sikio lako

Wengi wetu tumekulia kwenye lugha ambazo sauti za l na r hazigombani. Kwa Kiingereza zinagombana, na hasa kwenye maneno ya mpakani. Dereva anapiga simu: “Shefu, the load is bad.” Kama ni “load”, mzigo umelegea au umeharibika, tuma watu wa kuufunga upya. Kama ni “road”, barabara ni mbovu, subiri. Wakala mwingine anaambiwa “collect the documents”, yaani akachukue karatasi. Akisikia “correct the documents”, atakaa kusahihisha karatasi ambazo hazina kosa, na lori linalala kwenye foleni.

Zoezi lake ni hili. Mpe mwenzako orodha ya jozi: “load” na “road”, “collect” na “correct”, “glass” na “grass”, “play” na “pray”, “lice” na “rice”. Ageuke akupe mgongo, asome moja kutoka kila jozi, wewe uandike uliyosikia. Kisha badilishaneni. Mgongo ni muhimu, maana ukiona midomo yake utabahatisha. Fanyeni kidogo kila jioni hadi sikio lianze kukata lenyewe.

Namba nazo zinatatanisha: “fifteen” na “fifty”, “thirteen” na “thirty”. Katika “fifty” nguvu inaanguka mwanzoni na mwisho unafupishwa. Katika “fifteen” mwisho unavutwa. Kwenye bei usitegemee sikio. Sema tarakimu moja moja: “one-five or five-zero?” Hakuna mfanyabiashara atakayekucheka kwa swali hilo.

Hatua ya 6: Namba zilizoandikwa

Kwa Kifaransa “un milliard” ni milioni elfu moja, na “un billion” ni milioni mara milioni. “Billion” ya Kiingereza ni ile “milliard” yetu. Anayetafsiri bajeti au thamani ya mkataba kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa akiacha “billion” ilivyo, amezidisha mara elfu.

Koma na nukta zinabadilishana viti. Kwa desturi ya Kifaransa 2,500 ni mbili na nusu. Kwa Kiingereza ni elfu mbili na mia tano. Kwenye karatasi ya mizani angalia kwanza kipimo kilichoandikwa pembeni, kilo au tani, ndipo usome namba. Na tani zenyewe si moja: “tonne” au “metric ton” ni kilo 1,000, tani fupi ya Marekani ni takribani kilo 907, na ile ya zamani ya Kiingereza ni takribani 1,016. Shaba haisamehi tofauti hiyo.

Herufi K nayo ina mtego. K500 kutoka Zambia ni kwacha mia tano. 500K ni laki tano, ya fedha yoyote itakayotajwa. Tarehe 05/08 kwa Mwingereza ni tano Agosti kama kwetu, kwa Mmarekani ni Mei nane. Andika mwezi kwa herufi.

Hatua ya 7: Maneno ya vijana

Sasa tuje kwenye yanayowafanya wazazi wa Katuba na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, wachukue simu za watoto wao na kuuliza “huyu anamwambia mwanangu ni mgonjwa?” Sehemu kubwa ya misemo hii ilizaliwa kwa Wamarekani weusi, ambao kwa vizazi vingi wamekuwa wakigeuza neno baya liwe sifa. “Bad” kuwa nzuri ni ya zamani kwao. Muziki umeibeba duniani kote, na leo inafika hapa ikiwa haina maelezo.

Kwa hiyo “sick” inaweza kuwa mgonjwa, au nzuri kupita kiasi. Kwa Mwingereza “I was sick” mara nyingi ni nilitapika. “Dope” ni dawa za kulevya au kitu kizuri sana. “Wicked” ni mwovu, na kwa kijana wa Uingereza ni safi kabisa. “That's fire” ni sifa. “He was fired” ni kufukuzwa kazi. Mgodini kuna “fire in the hole”, tangazo kwamba baruti inakaribia kulipuka: ukilisikia, ondoka mahali ulipoambiwa uondoke, upesi.

“Goat” ni mbuzi, na kumwita mtu mbuzi hapa kwetu ni tusi. Ukiona GOAT kwa herufi kubwa chini ya picha ya Messi, ni vifupisho vya “greatest of all time”, aliye bora kuliko wote waliowahi kuwako. “Cap” ni kofia, na kwa vijana ni uongo. “No cap” ni kweli tupu. “He ghosted me” ni amekata mawasiliano bila kuaga. “Salty” ni mwenye kinyongo. “Tea” ni umbea. “I'm dead” ni nimecheka mpaka basi. “You killed it” ni umefanya vizuri mno. “Loaded” kwenye lori ni limepakiwa. Kwa mtu ni tajiri. “I'm broke” ni sina hata senti, lakini lori lililokufa njiani “has broken down”. “Bounce” ni kuondoka, ila “the cheque bounced” ni hundi imekataliwa na benki; hiyo si lugha ya vijana, usiichekee.

Mengine ni ya hatari na ningependa kila mzazi na kila binti ayajue. “Hook up” zamani lilikuwa kuunganisha watu tu. Kwa vijana wa Marekani leo ni kulala na mtu. Msichana akiandikiwa “let's hook up” na mtu asiyemjua, anaalikwa kitandani. “Plug” ni plagi ya umeme au kiziba, lakini mitaani ni mtu wa kukupatia bidhaa, mara nyingi zilizokatazwa. “Rubber” kwa mwanafunzi wa Zambia ni kifutio. Kwa Mmarekani ni kondomu, mwambie “eraser”. “Pants” kwa Mmarekani ni suruali, kwa Mwingereza ni chupi. “Pissed” ni mlevi Uingereza, ni kukasirika Marekani, na kote ni lugha chafu: lielewe, usilitumie.

Ukikutana na neno usilolijua la namna hii, jiulize maswali matatu. Nani anasema: kijana au shefu? Linamhusu nani: mtu, kitu au mwili? Uso na sauti vinasemaje: furaha au hasira? Mara nyingi majibu yatakupa maana kabla ya kamusi. Halafu elewa mengi, tumia machache. Misemo hii inazeeka upesi, na kwenye barua ya kazi, ripoti ya ajali au ujumbe kwa mteja haina nafasi hata moja.

Hatua ya 8: Rudisha ulichosikia

Usijibu maagizo kwa “yes” pekee. Yarudishe kwa maneno yako: “So you want me to collect the papers from the office and bring them to the truck, is that right?” Kama ulisikia vibaya, hapo ndipo panapojulikana, kabla mtu hajaondoka.

Swali la kukanusha linastahili uangalifu wa peke yake. Mteja akiuliza “You didn't receive the invoice?” na hukupokea, Kiswahili kinakusukuma useme ndiyo, yaani ndiyo, sikupokea. Kwa Kiingereza “yes” hapo maana yake umepokea. Anafunga faili, wewe unasubiri karatasi ambayo haitatumwa tena. Jibu kwa sentensi nzima: “No, I didn't receive it. Please send it again.”